Tuulizeni kwanza itafungwa saa ngapi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, wakazi washirikishwe kuchora maktaba ya mtaa wao, au kazi hiyo waachiwe wasanifu majengo? Mimi nasema washirikishwe, na nilitaka niishie hapo. Lakini swali lenu limenikumbusha mkutano mmoja unaoniuma hadi leo, kwa hiyo naomba nijibu la kwangu: washirikishwe katika jambo gani?

Mikutano ya namna hii mnaijua. Mbele palikuwa na meza yenye mfano mdogo wa jengo, wa karatasi ngumu, na msanifu kijana, mstaarabu, akitueleza kwa upole. Tukagawiwa stika tubandike kwenye picha tunazozipenda: ukuta wa kijani au wa njano, viti vya mbao au vya kitambaa. Watu wakachangamka. Jengo lilikuwa la sakafu mbili, watoto chini, na juu chumba cha kusomea chenye madirisha mapana.

Nyuma kabisa akasimama binti wa sekondari, bado amevaa sare. "Samahani, itafungwa saa ngapi?" Ofisa aliyeongoza mkutano akasema mambo ya uendeshaji yatazungumzwa baadaye, leo tuko kwenye muundo. Binti hakukaa. Akaeleza kwamba nyumbani wanalala wote chumba kimoja na taa huzimwa mapema kwa ajili ya mdogo wake, na yeye anatafuta pa kusomea jioni. Akarudia swali lake vilevile. Safari hii msanifu akaitazama ramani yake, kisha akamuuliza ofisa watumishi wa zamu watakuwa wangapi. Mmoja.

Hapo mama mmoja, mkutubi mstaafu, akadakia. Mtu mmoja hawezi kuangalia sakafu mbili. Akiwa chini na watoto, juu hakuna mwangalizi, na pasipo mwangalizi patafungwa. Akasogea mezani, akawa anaonyesha kwa kidole: meza ya mkutubi ije hapa karibu na mlango, ukuta huu uondoke, rafu za katikati zisipite kifua, chumba cha kusomea kishuke chini kiwe na mlango wake wa nje na choo chake, ili jioni kwingine kufungwe na chenyewe kibaki wazi. Yalikuwa maneno ya dakika chache. Kwangu mimi, ndizo dakika pekee ambazo maktaba ilibuniwa siku ile.

Ofisa akamshukuru mama, akasema maoni yamepokelewa, kisha akahesabu stika. Jengo likasimama kama lilivyokuwa kwenye mfano. Ukuta ni wa kijani, tulivyochagua. Chumba cha juu hufungwa wakati uleule wanafunzi wanapotoka shuleni.

Aliyoyasema mama yule ni elimu ya siku nyingi. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyefadhili maktaba zaidi ya 2,500, aliutaka mji utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya fedha aliyotoa, kwa ajili ya uendeshaji. Mwaka 1911 ofisi yake ikatoa mwongozo wa ramani uliosisitiza kwamba mkutubi mmoja aweze kuliona jengo kutoka mezani pake. Mchoro na mshahara vilitazamwa pamoja. Sisi tunavitenganisha: wakazi wanapewa mchoro, bajeti inabaki kabatini. Sherry Arnstein, mwandishi wa Marekani wa masuala ya mipango miji, aliandika mwaka 1969 kuhusu ngazi ya ushirikishwaji yenye vipandio 8, na kuulizwa maoni tu akakuweka kwenye kipandio cha nne, chini ya vile ambavyo wananchi wanashika uamuzi. Sisi na stika zetu sijui kama tulifika hata hapo.

Nimekuwa mkali kuliko nilivyokusudia, lakini sirudi nyuma. Ushirikishwaji wa aina ile una madhara. Leo ukilalamika kuhusu saa za kufunga unajibiwa kwamba mlishirikishwa, na mahudhurio yapo.

Sisemi haiwezekani. Helsinki, mji mkuu wa Finland, walikusanya mawazo ya wakazi miaka kadhaa kabla ya kufungua Oodi, maktaba kuu ya jiji, mwezi Desemba 2018, na leo humo mna cherehani na studio za muziki pamoja na vitabu. Na Denmark zipo maktaba nyingi ambazo mkazi huingia kwa kadi yake hata watumishi wakiwa wameshaondoka. Kwa hiyo hata hoja ya mtumishi mmoja ina njia zake, ikijadiliwa mapema.

Basi jibu langu limegeuka. Kuchora mwachieni msanifu, ndiyo kazi aliyosomea. Wakazi wapeni ratiba, idadi ya watumishi na fedha ya kila mwaka, kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Isipokuwa anayetumia kiti cha magurudumu na asiyeona: hao waione au waelezwe ramani yenyewe, mlango kwa mlango, kwa sababu kosa la upana wa mlango halirekebishwi kwa ratiba. Na huenda kwenu mna viongozi wanaosikiliza, na rangi mkachagua bila hasara yoyote. Hilo nalikubali. Nisilolegeza ni moja: mkutano usifunguliwe mpaka bajeti ya uendeshaji ibandikwe ukutani, kando ya ramani.