Joto limezidi na bahari ipo, mbona vuli inakatika?

SWALI: Nalima mchicha na bamia huku Chanika, Dar es Salaam. Kila siku tunaambiwa dunia inazidi joto. Kwa akili yangu, joto likizidi maji yanavukizwa zaidi, na mvuke ukizidi mvua nayo inazidi. Mbona vuli inakatika katikati, halafu ikija inamwaga yote kwa siku moja? Mwenyekiti wetu wa mtaa anasema tukipanda miti mingi mvua itarudi. Ni kweli?

JIBU: Ndugu mkulima, nusu ya kwanza ya hesabu yako ni sahihi kabisa. Kwa kila nyuzi 1 ya Selisiasi inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Shida iko pale unaporuka kutoka kwenye mvuke hadi kwenye mvua.

Ushahidi unauona mwenyewe kila Februari. Jasho halikauki, shuka zinanata, na bado hainyeshi. Mvuke umejaa, ila hakuna cha kuuinua. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa nje kwa sababu hewa inayoigusa imepoa. Angani, hewa hupoa kwa kupanda juu. Mwezi huo mkanda wa mvua, yaani pale pepo za kaskazini zinapokutana na za kusini, uko kusini kwetu, na mvuke wa hapa unapita tu. Mkanda ukirejea Machi, masika yanaanza.

Sasa tuje kwenye maji ya shamba lako. Bustani iliyomwagiliwa vizuri, siku ya jua kali, inaweza kupoteza kama milimita 5, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Mvuke huo haukai Chanika. Wastani wake angani kabla ya kunyesha ni siku 8 hadi 10, na upepo wa kilomita 18 tu kwa saa unausogeza kilomita 432 kwa siku. Upepo ukivuma kutoka baharini, maji ya bamia zako kesho yake yako upande wa Dodoma! Sisi wa pwani tunategemea zaidi Bahari ya Hindi. Bara ni habari nyingine: kwa dunia nzima, takriban asilimia 40 ya mvua ya nchi kavu imetokana na maji yaliyovukizwa na nchi kavu yenyewe, na misitu mikubwa kama ya Kongo ina mchango mkubwa hapo.

Joto linaubadilishaje mzunguko huu? Mvuke huongezeka kwa ile asilimia 7, lakini jumla ya mvua duniani huongezeka kwa asilimia 1 hadi 3 tu kwa kila nyuzi. Sababu ni kwamba mvuke ukigeuka matone huachia joto, na hewa lazima ilipunguze joto hilo kwa kulitoa kuelekea anga za mbali. Kasi ya kulitoa haiongezeki haraka kama mvuke. Kwa hiyo mvuke hukaa angani muda mrefu zaidi na husafiri mbali zaidi kabla ya kushuka. Siku wingu kubwa linapojengeka, linakuta akiba nene ya kunyesha, ndiyo hiyo unayoiona ikimwaga kwa mkupuo. Kati ya mvua moja na nyingine, hewa ya moto inafyonza udongo haraka, na udongo ukishakauka hauna maji ya kuvukiza, basi joto lote la jua linaishia kuipasha ardhi.

Kukatika kwa vuli mwaka huu au ule usikubebeshe uvukizi wa Dar peke yake. Angalia bahari. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, hewa hupanda huku kwetu na vuli hufurika, kama mwaka 2019. Yakigeuka, mawingu huenda kwao, kama mwaka 2022 tulipoingia kwenye mgao wa maji Mto Ruvu ulipopungua.

Miti? Pandeni, lakini msimwambie mtu kwamba mwarobaini wa mtaani utaita mvua. Mtaa ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Kazi halisi ya miti hapo ni kivuli, ardhi kunywa maji badala ya kuyaacha yakimbilie mtoni, na udongo kubaki mahali pake.

Ningekuwa wewe, ningeanza na matandazo ya nyasi kavu kwenye matuta, kabla hata ya miche ya miti, na kumwagilia alfajiri au jioni. Tuta lililofunikwa hupoteza maji kidogo kuliko lililo wazi, na hizo siku chache za ziada ndizo zinazoivusha bamia vuli inapokatika.