Kabla ya Hati ya Mradi, Soma Daftari la Mnyapara

Wewe unayeanza kusimamia mradi wa ajira kwa vijana, wiki ya kwanza utakabidhiwa hati ya mradi yenye kurasa nyingi, mpango kazi, bajeti na jedwali la viashiria, na utaambiwa uisome yote kabla hujaenda kijijini. Isome, ila usiishie hapo. Mimi niliisoma yangu ndani ya basi kati ya Mbeya na Mafinga, nikaikariri hadi nikawa naweza kutaja bila kuangalia idadi ya vijana tuliokusudia kuwapatia ajira katika kila wilaya, na bado nilichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba kazi zenyewe sikuzifahamu. Aliyenifumbua macho ni mnyapara wa kiwanda kidogo cha mbao huko Mufindi, siku aliponiruhusu kufungua daftari lake: daftari kubwa la mistari, jalada gumu, pembe zimelowa oili ya mashine, ndani yake majina ya vibarua, siku walizofika na fedha walizopokea.

Kiwanda hicho kilikuwa na mashine moja ya dingdong, ya kupasulia magogo, chini ya paa la mabati, na sisi tulikuwa tumefundisha vijana kunoa misumeno na kupanga mbao kwa madaraja. Kila kijana aliyechukuliwa na mwenye mashine tulimhesabu kuwa ajira mpya. Nilikuwa nimeshaandika taarifa ya robo ya tatu kwa kujivunia, ndipo nikakaa juu ya gogo na lile daftari mapajani. Ukurasa wa mwezi mmoja ulikuwa na majina 34. Waliofanya kazi zaidi ya siku ishirini walikuwa tisa tu. Wengine siku tano, wengine tatu, na kijana mmoja aliandikwa mara mbili, juu kwa jina la ubatizo na chini kwa jina la utani ambalo kijiji kizima kinamwitia. Huyo huyo nilimkuta tena katika daftari la kiwanda cha jirani, ambako nako tulikuwa tumemhesabu. Nililazimika kumwandikia mfadhili barua ya kusahihisha taarifa, na niliiandika jasho likinitoka. Mfadhili hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliuliza swali moja tu, kwamba hao tisa wanalipwa kiasi gani kwa siku, na swali hilo sikuwa na jibu lake.

Tangu hapo nimeacha kuhesabu vichwa. Ninahesabu siku zilizofanyiwa kazi, malipo yaliyomfikia mtu mkononi, saa alizokaa kazini na makato aliyokatwa, na ninakushauri uyaweke hayo manne katika fomu zako tangu tathmini ya awali, kwa sababu kuyaongeza baadaye hukuacha bila kitu cha kulinganisha nacho. Ajira elfu moja za siku nne si jambo la kuandikia taarifa ya mafanikio. Mtu aliyekuwa akipata siku kumi kwa mwezi na sasa anapata ishirini na mbili ni jambo la kuandika, hata kama jedwali la viashiria halina safu yake. Na kama halina, omba iongezwe mapema, mwaka wa kwanza, wakati mfadhili bado ana hamu ya kusikiliza.

Daftari hilo hilo ndilo litakalokufundisha sheria kuliko semina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ukiwa na daftari linaloonyesha saa ya kuingia na ya kutoka, unaweza kufanya hesabu hiyo mbele ya mwajiri kwa utulivu, bila kumtuhumu. Ukiwa na daftari lenye alama ya vyema tu mbele ya jina, huna la kusema. Sheria inamtaka pia mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi na kuyahifadhi kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha, na panapotokea shauri naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha yale yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Nimeona waajiri wengi wa kawaida, watu wema kabisa, wakishtuka wanapoelezwa hilo, na nimeona mshtuko huo ukifanya kazi ambayo mabango yetu ya rangi hayakuweza kuifanya.

Kuna mchezo mmoja ambao usipousoma kwenye daftari hutauona popote. Kibarua anafanya kazi miezi mitatu, jina linakatwa, anapumzishwa wiki mbili, kisha anaandikwa upya kana kwamba hajawahi kufika pale. Sababu yake ni kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali, na kwa kawaida hana likizo yenye malipo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kuwa mfanyakazi wa msimu anastahili likizo, na kwamba aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule ndani ya mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, naye anastahili. Kujumlisha vipindi kunahitaji kumbukumbu. Ndiyo maana jambo la kwanza tunalowafundisha vibarua siku hizi ni kuweka daftari lao wenyewe, hata liwe la kurasa thelathini na mbili, na kuandika kila jioni tarehe, kazi na malipo. Mtu akiachishwa, ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake la kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Siku hizo ni chache mno kuanza kukumbuka mambo ya mwaka mzima kwa kubahatisha.

Kwenye chai mambo yana sura nyingine. Mchumaji wa Mufindi au wa Rungwe hulipwa kwa kilo, hivyo daftari la siku halitoshi, na ni lazima uende kwenye banda la kupimia majani mabichi ukasimame karibu na mizani. Majani yaliyochumwa asubuhi yenye umande ni mazito, kwa hiyo karani hupunguza kilo za maji. Kikapu nacho kina uzito wake, kinapunguzwa. Na anapunguza kwa macho, kwa mazoea. Chukua malipo ya mwezi ya mchumaji, yagawanye kwa siku alizochuma, kisha linganisha na kiwango cha siku katika amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta ya kilimo inayotumika wakati huo. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulikuta kwamba wachumaji wazoefu wako juu ya kiwango kwa mbali na wageni wako chini, na kwamba tofauti kubwa ya wageni ilitokea hapo kwenye mizani, wala haikutokana na uvivu kama tulivyokuwa tumeambiwa. Kwa wakulima wadogo angalia pia jina lililo kwenye akaunti ya malipo: mara nyingi ni la baba wa nyumba, ilhali anayeamka alfajiri na kikapu mgongoni ni mama, na pengine mtoto nyuma yake. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi zisizomzuia kusoma, na kazi za hatari haziruhusiwi kabla ya miaka 18, mashambani vilevile. Ukiona kikapu cha mtoto kimepimwa kwa jina la mzazi, usikimbilie kupiga picha. Uliza kwanza shule iko umbali gani.

Juu ya msimu nitasema kwa kifupi ingawa uliniharibia tathmini nzima. Nyanda za Juu Kusini tuna mvua moja ndefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Chai hustawi wakati huo, nao wabeba mbao hukwama kwa sababu magari hayapandi milima yenye utelezi. Mpunga wa Mbarali unataka watu wengi wakati wa kupandikiza na tena wakati wa kuvuna, na katikati yake mashamba ni ya maji na ndege. Ukifanya tathmini ya awali Julai kwenye baridi na ya mwisho Machi, utaripoti ongezeko la ajira lililoletwa na mvua. Pima mwezi ule ule.

Sasa ofisi. Mradi unaingia mkoani kwa barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa watendaji wa kata na vijiji, na huko utapata maafisa maendeleo ya jamii, ushirika na kilimo, watu utakaowahitaji kila wiki. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hao wanatosha. Afisa kazi hayuko chini ya Mkurugenzi. Ni mtumishi wa wizara yenye dhamana ya kazi, na ni yeye mwenye mamlaka ya kisheria ya kuingia mahali pa kazi, kudai kumbukumbu na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Niliwahi kuandaa kikao kizuri cha siku mbili kuhusu hali za kazi viwandani, wakaja watu wa halmashauri wapatao ishirini, tukaazimia mengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kusaini lolote kati ya tuliyoazimia. Mwalike afisa kazi tangu rasimu ya mpango kazi, pamoja na wakaguzi wa afya na usalama mahali pa kazi, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, hata kama mwajiri anakunja uso. Wewe na maafisa wako si wakaguzi, na siku mtakayojifanya wakaguzi ndiyo siku milango ya viwanda itafungwa.

Kumbuka vilevile kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kama unatarajia halmashauri ichukue gharama yoyote baada ya mradi, iwe mafuta ya pikipiki ya afisa au chumba cha kukutania vikundi, ombi lako lazima liwe mezani bajeti inapoandaliwa, miezi mingi kabla ya Julai hiyo. Ukija nalo Mei utapewa chai na maneno mazuri. Jambo hilo hilo linahusu vikundi vya vijana na wanawake vinavyotaka mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: usajili na akaunti vinachukua muda kuliko hati ya mradi inavyofikiri.

Unapozungumza na vibarua, usiwahoji mbele ya mnyapara, na usiwaite pembeni kiasi cha kila mtu kuona. Tembea nao wakirudi nyumbani. Salimia kwa lugha ya mahali, kamwene kwa Wahehe na Wabena, ugonile kwa Wanyakyusa, na usijaribu kwenda mbali zaidi ya salamu kama hujui, maana watacheka kwa adabu na kunyamaza. Suala la makato huja lenyewe mnapokaribia njia panda. Hapo ndipo nilipoambiwa na kijana mmoja aliyepoteza ncha za vidole viwili kwenye msumeno kwamba alikuwa akikatwa fedha kidogo kila mwezi “za bima ya ajali.” Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake, hautoki kwenye ujira wa mfanyakazi, na kiwanda kile, tulivyokuja kugundua, hakikuwa kimesajiliwa kwenye Mfuko huo kabisa. Tulimpeleka kwa afisa kazi, hatukwenda kugombana na mwenye mashine. Ilichukua miezi saba, lakini kiwanda kikasajiliwa, na katika daftari la mnyapara safu ya makato ilichorwa mstari mwekundu ikaachwa tupu.

Nilirudi kwenye banda moja la chai Mufindi wiki ya mwisho kabla mradi haujafungwa, nikiwa na fomu zangu za tathmini mkononi. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Mama mmoja aliweka kikapu chini, akatoa kwenye mfuko wa nailoni daftari lake dogo, akamwomba karani afungue lake tarehe kumi na nne. Kilo tatu hazikuwapo. Karani akamtazama, akanitazama mimi, nami nikajifanya nasoma fomu. Kisha akachukua kalamu akaziandika, na mama akasubiri wino ukauke ndipo akafunga daftari lake na kubeba kikapu.