Maswali ya Wasomaji: Mafungo ya kanisa kwenye ranchi ya wanyamapori

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni umoja wa vijana, jumla watu 42, na tunakwenda mafungo ya siku mbili kwenye ranchi ya wanyamapori. Ratiba yetu ina ibada saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kisha saa 6 mchana tunatoka kutazama wanyama. Wenyeji wanatuambia hatutaona kitu. Ni kweli? – *Katibu wa vijana*

JIBU: Ni kweli kabisa, katibu. Igeuzeni ratiba. Wanyama wengi wa nyika hula na kutembea wakati wa ubaridi. Jua likishakuwa kali wanajilaza kivulini, na gari linaweza kupita hatua chache kutoka kwa nyati asionekane. Mchana huo ambao wanyama wamelala ndio wakati wenu mzuri wa mafundisho.

Fanyeni hivi: saa 12 kamili asubuhi watu wawe wameshapanda magari, wamekunywa chai na kusali sala fupi. Rudini saa 3 mle. Somo kuu liwe saa 4 hadi saa 7, vikundi vya majadiliano baada ya chakula, na saa 10 jioni mtoke tena. Mwe mmerudi kambini kabla ya giza.

Kinachovuruga mpango huu mara nyingi ni magari. Gari la kutazamia wanyama hubeba watu 7 hadi 9, kwa hiyo mnahitaji magari matano au sita. Kama hayapatikani, gawaneni: nusu watoke alfajiri, nusu jioni, na wanaobaki waongoze maombi. Msitegemee basi la kanisa. Tumbo lake liko chini, na mvua moja tu kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi inatosha kulizamisha hadi ekseli. Tena wanyama wakiwa upande mmoja, nusu ya abiria hawaoni kitu na wote wanasimama kwa pamoja.

Kusimama huko kuna hatari yake. Mnyama aliyezoea magari huliona gari kama umbo moja. Mtu akichomoza kiwiliwili nje au akishuka, umbo linavunjika, naye anakimbia au anashambulia. Kwa hiyo kaeni, na nyimbo zisubiri kambini.

SWALI: Tuna vijana 11 wa kubatizwa kwa kuzamishwa. Ranchi ina bwawa zuri, maji yametulia, ng'ombe na swala wanakunywa hapo. Tunaweza kubatizia humo Jumapili saa 6? – *Mzee wa kanisa*

JIBU: Hapana, mzee wetu, na tunakuomba usilegeze hata wenyeji wakisema bwawa ni salama. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi bila kuonekana, na mamba hahitaji maji mengi kujificha. Lakini tuseme hawapo kweli. Bado kuna kichocho.

Viluwiluwi vya minyoo ya kichocho hutoka kwenye konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia, hasa penye majani. Vinatoboa ngozi ndani ya dakika chache. Maji kuwa meupe si ushahidi wa lolote, na kujifuta kwa taulo baada ya kutoka hakukulindi kwa uhakika. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa juu, yaani karibu na saa ile ile mliyoipanga.

Kama ranchi ina bwawa la kuogelea lenye klorini, batizeni humo. Kama halipo, tafuteni tangi la turubai lenye fremu. Lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, likijazwa kina cha sentimita 80, linachukua lita 2,400. Hizo ni tani 2.4, kwa hiyo lisimamishwe mahali tambarare palipoondolewa mawe na miiba. Kwenye mteremko, ukuta wa upande wa chini unapinda na fremu inaachia. Kwa kina hicho anayebatizwa apige magoti, ndipo mchungaji amlaze nyuma.

Maji ya kisima kirefu ndiyo bora. Mkilazimika kuchota bwawani, yachujeni konokono wasiingie, kisha yaacheni tangini saa 48 bila kuongeza mengine, kwa sababu viluwiluwi visipopata mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Ubatizo wa Jumapili asubuhi unataka tangi lijae kabla ya Ijumaa kupambazuka. Likiongezwa ndoo moja ya bwawani Jumamosi, hesabu inaanza upya.

Kama kuna aliyekwisha kuingia bwawani, anaweza kuwashwa ngozi au asihisi kitu. Amweleze daktari, na apimwe wiki sita hadi nane baadaye. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa na haiwezi sana michanga, hivyo kuimeza siku ile ile hakutoshi.

SWALI: Tunapanga mkesha. Wapo wanaopenda kujitenga vichakani wakaombe peke yao. Ranchi haina simba, kwa hiyo naona hakuna shida. – *Mama mchungaji*

JIBU: Mama, simba kutokuwepo kusikutulize. Muulize mwenyeji kuhusu nyati na kiboko. Nyati dume mzee anayeishi peke yake hujilaza kichakani, na akikurupushwa kwa karibu anaweza kukushambulia badala ya kukimbia. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na anayekatiza kati yake na maji yuko hatarini.

Mkesha ufanyike ndani ya eneo la kambi, penye mwanga, na askari wa wanyamapori akiwepo. Anayetaka upweke apewe kona ya kambi inayoonekana na zamu ya nusu saa. Kwenda chooni ni watu wawili, tochi ikimulika chini, viatu vya kufunika. Nyoka aitwaye kifutu hulala njiani usiku na hapishi mtu. Akiuma, msichanje wala msifunge kamba ya kukaza. Vueni pete na saa, kiungo kisitikiswe, mgonjwa abebwe hospitalini mara moja. Gari moja liwe na mafuta na dereva usiku kucha.

Wanaotaka kutembea porini watembee asubuhi, kwa mstari mmoja nyuma ya askari. Mtamwona akitikisa kifuko kidogo cha majivu na kutazama vumbi linakoelekea. Anapima upepo, ili harufu yenu isiwatangulie. Akiinua mkono, wote simameni, hata sentensi ya Baba Yetu ikiwa katikati.

SWALI: Nyani walitumalizia mikate mwaka jana. Tufanyeje? – *Mpishi wa kambi*

JIBU: Chakula kikae kwenye makreti yenye komeo ndani ya chumba au gari lililofungwa. Zipu ya hema nyani anaifungua au anaichana. Tembo naye hunusa matunda kutoka mbali, kwa hiyo tunda lolote lisilale hemani. Makombo yaondoke kila baada ya mlo, na asiwepo anayemrushia nyani kipande ili apige picha. Akishalishwa, kesho anakuja kudai, na meno yake ya chonge ni marefu.

SWALI: Sare ya kwaya ni samawati na nyeusi. Inafaa? – *Mwalimu wa kwaya*

JIBU: Kwa ibada ya kambini, sawa. Garini, kama eneo lina mbung'o, hapana. Rangi hizo mbili ndizo zinazowavuta zaidi, kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Vaeni kaki au kijivu, mikono mirefu, kitambaa kizito, maana kwenye kilaini wanauma kupitia juu. Sare ikunjwe ndani ya begi, mvae mkisharudi.