Wadogo zangu wa bendi changa, someni Fugazi kabla ya kusaini

Kila bendi changa ninayokaa nayo mazoezini inaniuliza swali lile lile: tutapata lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki wetu, lini? Nyimbo bado, besi na drams hazijaelewana, lakini fulana zenye jina la bendi zimeshachapwa. Nawapenda, na ndiyo maana nawakalia kooni. Acheni kutafuta meneja kwanza, someni jinsi Fugazi, bendi ya punk ya Washington, Marekani, walivyojiendesha tangu 1987 hadi 2002.

1. Fanyeni mazoezi kwanza. Mwimbaji na mpiga gitaa Ian MacKaye na mpiga besi Joe Lally walianza kupiga pamoja 1986. Shoo ya kwanza ilikuja Septemba 1987, Brendan Canty akiwa kwenye drams. Guy Picciotto alijiunga baadaye kidogo, akiimba tu, gitaa likafuata.

2. Jifunzeni kazi ya mikono. MacKaye na Jeff Nelson walianzisha lebo ya Dischord mwaka 1980 ili watoe santuri ya bendi yao ya awali, Teen Idles, ambayo ilikuwa imeshavunjika. Mtaji ulikuwa akiba ya bendi yenyewe, fedha za shoo ambazo hawakugawana. Jalada la santuri linatengenezwaje? Hawakujua. Wakabandua la santuri nyingine, wakaangalia linavyokunjwa, kisha wakakaa na mkasi na gundi wakitengeneza ya kwao moja moja. Fugazi walipoanza, mlango wa kutolea albamu ulikuwa wa kwao.

3. Kiingilio kiamueni wenyewe. Wao walishikilia dola 5 kila ilipowezekana, na watu wa umri wowote waliingia. Bei hiyo inawezekana tu mkibana matumizi: watu wachache safarini, hakuna mbwembwe. Wafanya fujo mbele ya jukwaa walionywa; asiyesikia alirudishiwa dola zake 5 ndani ya bahasha na kutolewa nje. Bahasha zenyewe ziliandaliwa kabla. Ninyi mnapandisha kiingilio kwa sababu mmekodi taa!

4. Studio. Hapa nyamazeni mnisikilize, maana ndipo mnapoumia. Albamu ya 1991 Fugazi waliisimamia wenyewe. Mwaka uliofuata wakaenda Chicago kwa Steve Albini, fundi wa kurekodi ambaye bendi nyingi zilikuwa zikimtamani. Kazi ikanoga, wakarekodi nyimbo za kutosha albamu nzima. Waliporudi nyumbani na kuisikiliza kanda, haikuwa ile waliyoisikia studioni. Hebu fikirieni uzito wa saa hiyo: safari imeshakwenda, fundi ni mtu wanayemheshimu, nyimbo zote zipo. Wakaiweka kando. Wakarudi Inner Ear, studio ya Don Zientara waliyoizoea, wakarekodi upya na prodyuza Ted Niceley, na In on the Kill Taker ikatoka 1993.

Mnachopaswa kuona ni kwamba waliweza kuikataa kwa sababu hapakuwa na kampuni iliyowapa malipo ya awali na kuwapangia tarehe. Uamuzi ulikuwa wa watu wanne. Ninyi mnachukua fedha ya mtu, mnarekodi nyimbo ambazo hamjawahi kuzipiga mbele ya watu, kisha kanda mbaya inatoka kwa kuwa deni linasubiri. Nimeiona mara nyingi, na kila mara inaniuma, kwa sababu nyimbo zilikuwa nzuri. Sikilizeni kazi yenu mkiwa mbali na studio, masikio yakiwa yamepumzika, halafu ndipo mseme ndiyo.

5. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye mwandiko mzuri awe mhasibu.

6. Rekodini kila shoo. Fugazi walipiga zaidi ya mara 1,000, na zaidi ya shoo 800 zilihifadhiwa kwenye kanda. Mwaka 2011, miaka tisa baada ya shoo yao ya mwisho jijini London, walianza kuzitoa kwa umma kupitia Dischord, bei ya kawaida ikiwa dola zile zile 5. Mashabiki ambao hawajawahi kuiona bendi jukwaani wanasikia leo wimbo ukibadilika mji hadi mji, na MacKaye akisimamisha muziki kuwatuliza watu. Kwa hiyo kabla ya shoo ya Jumamosi, mmoja wenu aandike tarehe na mahali kwenye kila rekodi, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine.