Gereji ya Wasomaji: Kemba ngapi kwa gari ya kazini inayoingia pia uwanjani?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Nyakato hapa Mwanza, nina Impreza turbo ya 2004, injini haijaguswa, nimebadilisha shokapu na springi tu, imeshuka kama sentimita 3. Ndio gari yangu ya kila siku, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 naenda nayo Sengerema karibu kila wiki kikazi. Mara chache kwa mwaka mimi na washkaji tunakodi eneo la lami lenye uzio, tunapanga koni, tunapita mmoja mmoja tunapimana muda. Shida yangu kwenye kona kali mbele inagoma kuingia, inasukuma tu kwenda nje, na tairi za mbele zinaliwa bega la nje wakati ndani bado mpya. Nikiuliza, mmoja ananiambia weka kemba (mlalo wa gurudumu kwa digrii ukitazama gari kwa mbele, hasi ni juu kuingia ndani) -3.5, mwingine anasema ukizidi -1 tairi hazimalizi mwezi. Gereji nilikopiga alaimenti wao wanasema "tunaweka ya kampuni, basi". Mimi niweke ngapi? Hela ya tairi kila mara sina.
Mdau, Nyakato

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nikupe namba kwanza halafu tuelewane kwanini. Mbele weka kemba -2.0 kila upande na tou sifuri, yani magurudumu yaangalie mbele sawasawa, tou nitaieleza chini. Nyuma kama kemba iko kati ya -1 na -1.5 iache hapo hapo, tou ya nyuma iwe ndani kidogo sana, milimita 1 mpaka 2 jumla ya pande zote mbili. Kasta, yani mlalo wa strati kwenda nyuma ukitazama gari kwa ubavu, kwenye hiyo gari haina pa kurekebishia kutoka kiwandani, wewe hakikisha tu kushoto na kulia zinalingana, zisipolingana kuna kitu kimepinda au bushi imekufa.

Sasa kwanini -2. Mguu wa mbele wa Impreza ni strati, yani ule mfumo wa MacPherson, shokapu yenyewe ndio imeshikilia gurudumu kwa juu. Ni mfumo rahisi na imara, barabara zetu unaziweza, ila una tabia moja, gari ikilala kwenye kona bodi inainamia nje na tairi la nje linainama pamoja nayo, na ndilo lililobeba mzigo karibu wote wa mbele kwa wakati huo, matokeo yake linasimama kwa bega la nje na sehemu kubwa ya ndani inagusa lami kwa jina tu. Kemba ya kampuni kwa gari hii mbele iko karibu na sifuri kwahiyo hamna akiba yoyote ya kulipa huo mlalo. Ukianza na -2, gari ikilala tairi ndio kwanza linakaa sawasawa kwenye lami. Hiyo andastia yako, mbele kusukuma kwenda nje, na hilo bega lililoliwa ni ugonjwa mmoja, tairi zako zilishalisema kabla hujaniandikia.

Na hata usiende uwanjani kabisa, sisi tunaendesha kushoto, kipilefti zote tunazizunguka kwa kukunja kulia, mtu anaingia na spidi, mzigo wote unaenda tairi la mbele kushoto. Kagua hapo mtaani kwenu gari zenye kemba sifuri zinazopita kipilefti kila siku, bega la nje la mbele kushoto mara nyingi ndilo linatangulia kuisha.

Haya, tuje kwenye hofu yako ya tairi kuisha, maana hapa watu wanapotoshana sana. Kinachomaliza tairi haraka ni tou, kemba inasingiziwa. Tou ni vile matairi mawili yanavyoangalia ukiyatazama kutoka juu, mbele zikikaribiana ni tou-ini, zikiachana ni tou-auti. Rimu ya inchi 17, ukingo hadi ukingo ni kama milimita 455, kwahiyo tairi moja likichepuka milimita 1 tu ni kama digrii 0.125. Inaonekana si kitu. Lakini maana yake kila kilomita moja unayoenda mbele hilo tairi linalazimishwa kuburuzwa pembeni kama mita 2.2, nenda Shinyanga kilomita kama 160 tayari limeburuzwa zaidi ya mita 350 na hujakata kona hata moja. Hapo ni milimita moja, mimi nimeona gari zinatoka gereji na 4 mpaka 5. Halafu changanya hiyo na kemba -2, uzito mkubwa unakaa upande wa ndani na ndio huo huo unaoburuzwa, tairi linakwangulika ndani mpaka nyuzi zinaonekana, mwenye gari analaani kemba. Kemba -2 na tou sifuri ya kweli, kwa mtu anayekata kona kama wewe, mara nyingi tairi linaisha kwa usawa kuliko hizo unazotumia sasa. Ila kwa safari zako za Sengerema za kunyoosha tu, ndani patatangulia kidogo, hamisha tairi kila kilomita 5,000 mpaka 8,000 na utakuwa salama. Hiyo -3.5 achana nayo, ni ya gari inayobebwa kwenye lori kwenda uwanjani na kurudi, breki ya ghafla kwenye lami iliyonyooka inapungua nguvu kwasababu tairi limesimama ukingoni, na gari inafuata kila mfereji wa malori barabarani.

Utaipataje hiyo -2? Boliti mbili zinafunga strati yako na nakoo, kile chuma kinachobeba gurudumu, ile ya juu kichwa chake hakiko katikati, ukiizungusha gurudumu linaingia au kutoka kwa juu. Kwa gari iliyoshuka kama yako hiyo boliti itakufikisha kama -1.5, inategemea gari. Kilichobaki unanunua pleti za kemba zinazokaa juu ya strati. Akija fundi na tupa anataka kutanua matundu ya strati "ipate zaidi", chukua funguo zako uondoke, hapo ndipo gurudumu linaposhikiliwa, boliti ikiteleza na uko spidi hamna cha kukushikilia. Kaza kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari, weka alama ya rangi kwenye boliti ili uone ikihama. Chungulia pia amu ya chini gari ikiwa imesimama chini, ikiwa upande wa gurudumu uko juu kuliko upande wa bodi umeshusha kupita kiasi, kila gari ikibonyea zaidi kemba inarudi kinyume, na hapo pandisha springi kwanza.

Kuna watu hubadili kemba asubuhi ya siku ya uwanja na kurudisha jioni. Mimi sikushauri. Ukigusa kemba, tou inahama nayo, kwahiyo bila kupima upya utarudi nyumbani na tou usiyoijua na hiyo ndio inayokula tairi. Chagua kipimo kimoja ukae nacho, -2 ndio namba inayokubali kazi zote mbili.

Kabla ya kwenda mashineni piga kagua ya bushi za amu, boljointi, tairodi na beringi. Kwa matuta na rasta zetu, na njia za mawe za kupandia vilimani, bushi iliyochoka ni jambo la kawaida na ikiwa imechoka namba za mashine ni za pale pale gari iliposimama tu, ukitoka getini zimeshabadilika. Tia upepo sawa tairi zote, tenki nusu, na siti ya dereva iwe na uzito wako, una kilo 75 weka mfuko mmoja na nusu wa saruji. Mwambie fundi aanze nyuma ndio aje mbele, kemba kwanza tou mwisho, na akupe karatasi yenye namba za kabla na baada. Tofauti ya kushoto na kulia kwenye kemba isizidi digrii 0.3, gari huvuta upande ule ambao kemba imeegemea nje zaidi. Barabara zetu nyingi zinainamia kushoto ili maji yatoke, kwahiyo gari kwenda kushoto taratibu ukiachia usukani sio ugonjwa.

Siku ya uwanja paka chaki begani mwa tairi, piga raundi kadhaa kisha angalia imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka kwenye ukuta wa tairi bado unalala nje, ongeza upepo kidogo kwanza, usikimbilie kemba. Ukipata kipimajoto cha sindano choma ndani, kati na nje mara tu unaposimama, ndani kuzidi nje kwa digrii 5 mpaka 10 za joto ni nzuri, ikizidi hapo sana punguza kemba. Kati kukiwa na moto kuliko pembeni zote mbili basi upepo umezidi.

SWALI: Nina Noah ya abiria, Mwanza–Magu. Na mimi niweke kemba -2?
Dereva, Kisesa

JIBU: Hapana kaka. Wewe weka ya kampuni, simamia tou iwe sawa, na kagua boljointi kila unapomwaga oili.

SWALI: Fundi, karatasi yangu ya alaimenti imeandika kemba -1°30' lakini fundi akaniambia ni -1.3. Ipi ni ipi?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Hiyo ni -1.5. Ile alama ndogo ya mkwaju ni dakika, na digrii moja ina dakika 60, kwahiyo dakika 30 ni nusu. Kwenye kemba kosa hilo halikuumizi sana, kwenye tou linauma, mtu anaona 0°12' anadhani ni 0.12 kumbe ni 0.2, na kwa rimu ya 17 hiyo ni kama milimita 1.6. Muulize fundi mashine yake inasoma kwa mtindo gani kabla hujampa namba zako.

SWALI: Huku kwetu mashine haipo. Naweza kupima mwenyewe?
Mdau, Ukerewe

JIBU: Unaweza na ukapima vizuri kabisa ukiwa na subira. Kwanza sakafu, lazima iwe imelala, pima kwa mpira wa maji kama mafundi ujenzi, pale matairi manne yatakapokaa. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vilivyopandana, grisi kati yake, ili gurudumu lijiweke lenyewe.

Kwa tou tumia mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, wewe uko kisiwani hauwezi kukosa. Funga stendi mbele na nyuma ya gari, pitisha mshipi pande zote mbili kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Kutoka mshipi hadi katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) ya mbele kushoto kuwe sawa na mbele kulia, nyuma vile vile kushoto sawa na kulia, ila mbele na nyuma kutofautiana ni kawaida. Hapo mshipi umenyooka na gari, pima sasa kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu wa mbele na ukingo wa nyuma wa gurudumu lile lile. Mbele kukiwa mbali na mshipi zaidi ya nyuma, hiyo ni tou-ini.

Kemba tumia timazi, ining'inize kando ya gurudumu, pima pengo la ukingo wa juu wa rimu na wa chini. Kwa inchi 17 kila milimita 8 juu inavyozidi chini ni kama digrii moja hasi, kwahiyo -2 ni milimita 16. Kila ukirekebisha sukuma gari mbele na nyuma mita chache, bonyeza boneti mara mbili tatu, halafu ndio upime tena.