Nikiomba, ninalalamika tu. Je, ninamkosea Mungu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita. Tangu hapo nikipiga magoti sipati neno la kuomba, ni kulalamika tu. Wapendwa kanisani wananiambia nishukuru kwa kila jambo, kwamba machozi ya muda mrefu ni dalili ya imani haba. Je, ninamkosea Mungu?

JIBU: Amina, dada yangu, na pole sana. Humkosei.

Andiko wanalokupa liko 1 Wathesalonike 5:18. Wangerudi nyuma sura moja tu, 4:13, wangemkuta Paulo yuleyule akiwaandikia watu wale wale waliofiwa. Hawakatazi kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini, na hilo ni jambo jingine kabisa. Yesu mwenyewe alijua fika kwamba Lazaro angetoka kaburini, na bado alilia.

Kuhusu kulalamika, fungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kumalizikia kwenye sifa. Hii haifiki huko: inaanza kwa kilio, inaisha gizani, na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Ila tazama mlalamikaji anazungumza na nani. Mchana na usiku anamlilia Mungu yuleyule anayemwona amemficha uso. Aliyekata tamaa kabisa hanung'uniki mbele za Mungu, huondoka. Wewe bado unapiga magoti.

Marafiki wa Ayubu nao walikuwa na maneno mazuri ya dini. Siku saba za kwanza walikaa naye chini kimya, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma bora waliyompa. Walipofungua vinywa waliharibu. Mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule aliyelalamika sura kwa sura! (Nami nimewahi kumwambia mfiwa "shukuru tu". Ninajuta.)

Hayo maneno usiyoyapata, usiyatafute kwa nguvu. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua, dada, si hotuba.

Jambo la mwisho ni la mwili. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, chini ya mti wa jangwani uitwao mretemu, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa tena. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye sana, huko mlimani Horebu. Kwa hiyo kula hata kidogo, na ulale. Ukiona mawazo kama yale ya Eliya yanakujia, usiyafiche: mwambie mtu unayemwamini leo hii, na umwone daktari. Na yule mpendwa asiyejua la kukuambia, mwombe akusomee Zaburi ya 88 kwa sauti, kisha akae nawe kimya.