Boti inanilevya mimi, kaka angu hana habari

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Sahare hapa Tanga, nikipanda boti kwenda Pemba kigegezi hakiniachi mpaka nitapike, na nikikaa ndani nachezea simu ndo balaa kabisa. Kaka angu mvuvi, analala kwenye ngalawa wala hashtuki. Afu nikishuka bado naona ardhi inayumba. Ni tumbo au kichwa?

JIBU: Marahaba. Tumbo halina kosa, linapokea amri tu.

Ubongo ili ujue umekaaje na unaelekea wapi unasikiliza macho, sikio la ndani, na misuli na viungio hasa vya shingo na miguu. Kila sikio lina mirija mitatu yenye maji inayopima kichwa kikizunguka, na pembeni yake vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa, hivyo vinahisi ukipanda, ukishuka au ukiinama. Taarifa zote zinakutana kwenye shina la ubongo na serebela (ule ubongo mdogo wa nyuma), zinapimwa pamoja, afu zinalinganishwa na kile ubongo ulichokuwa unategemea kitokee. Hapo kwenye kutegemea ndo pana jibu lako.

Jaribu hivi, soma simu huku unatikisa kichwa kulia kushoto, utasoma tu. Sasa tuliza kichwa utikise simu kwa kasi ile ile uone maandishi yanavyovurugika. Ile ya kwanza sikio lilishayageuza macho upande wa pili ndani ya milisekunde kama 10, wewe hata hujajua.

Sasa ndani ya boti macho yanaona simu na ukuta vimetulia, sikio linasema tunapanda tunashuka, ubongo haujawahi kuona kesi hii basi kigegezi hicho. Mawimbi mabaya zaidi ni ya taratibu, yale ya mara moja kila sekunde 5 hivi, ndo maana bodaboda kwenye mashimo inakuumiza mgongo ila haikutapishi. Wapo wanaosema ubongo unadhani umekula sumu ndo unatapisha, mi hiyo siipi uzito sana. Ila sikio kuhusika halina ubishi, mwaka 1882 William James wa Marekani alishaandika kwamba viziwi wengi wakizungushwa hawapati kizunguzungu, na mtu ambae sehemu hiyo ya sikio imekufa pande zote bahari haimlevyi.

Kaka ako masikio yake ni kama yako tu, ila ubongo wake umeshazoea, wimbi likija ulikuwa unalisubiri. Kwa wengi siku 2 au 3 mfululizo baharini zinatosha kuanza kuzoea, safari yako ya masaa haifiki huko. Na wewe ubongo ukianza kuzoea kidogo ndo unashuka, unaendelea kusubiri wimbi ambalo halipo, ndo hiyo ardhi inayumba.

Kaa katikati ya chombo, sehemu unayoona nje, macho kwenye upeo wa bahari, simu weka kwenye mkoba. Ndimu ya kunusa sina ugomvi nayo. Dawa kama sinarizini au promethazini inamezwa kabla ya kupanda maana ukishaanza kutapika inatoka nayo, ila inaleta usingizi, na kama una mimba muulize kwanza mfamasia.

Kuyumba huko kawaida kunaisha ndani ya siku moja mbili. Kukipita mwezi, au sikio likaanza kuvuma na kupungua kusikia, nenda kliniki ya masikio, pua na koo, hiyo sio boti tena.